Mama Mukwe na Nyota za Pembeni

Mama Evodie alishuka kutoka Kirungu kuja Kalemie kumlea binti yake Abigaël, aliyekuwa amejifungua, na akakaa nyumba moja na mkwe wake msimu mzima wa mvua bila kumwona uso. Usishangae. Kwa ukoo wao, mama mkwe na mkwe hawatazamani mpaka mkwe atoe kuku wa kufungua macho, na kuku huyo hatolewi hivi hivi tu kwa kuwa mtu amejisikia. Ni mama mkwe mwenyewe anayetoa dalili kwamba ameridhika, ndipo kuku atafutwe. Na Mama Evodie, jamani, hakuwa mtu wa kuridhika haraka.

Basi ile nyumba ya matofali, iliyojengwa zamani kwa ajili ya watu wa reli, ikawa na sheria zake. Mkwe, Chadrack, akifika na kinga yake, yaani baiskeli, hapiti getini bila kupiga kengele. Mama Evodie akisikia kengele anaacha alichoshika, hata kama ni mwiko uliomo ndani ya sufuria, anajificha nyuma ya pazia la ukumbini. Akitaka kwenda uani wakati mkwe yuko sebuleni, anakohoa, na Chadrack, profesa wa fizikia, kama walimu wa sekondari wanavyoitwa huku, anayeogopwa na darasa zima, anageukia ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu.

Kusemeshana moja kwa moja ni mwiko pia. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu, na kwa kuwa Abigaël alikuwa amechoka kutumwa huku na huku kama mhudumu wa posta, kazi hiyo alipewa Princesse, mtoto mwenyewe, ambaye hakuwa hata na jino.

"Princesse," Mama Evodie angesema akiwa nyuma ya pazia, mtoto magotini, "ambia papa yako asiache viatu vyake kwa njia. Siku moja nitavunjika mguu."

"Princesse," Chadrack angejibu kutoka sebuleni, "ambia nkambo yako anisamehe. Na umuambie sombe ya leo ilikuwa tamu kabisa."

Princesse angecheua maziwa kidogo, na ujumbe kwa nkambo, yaani bibi, ukahesabika umefika.

Kwa hiyo Mama Evodie alimjua mkwe wake kwa mambo matatu tu: viatu, sahani na sauti. Viatu alivianika mwenyewe vikilowa. Sahani zilirudi jikoni nyeupe, hakuna hata mfupa wa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, uliosalia. Sauti ilikuwa nzito, ya kutoka tumboni, sauti ya mwanaume mwenye kifua kipana na shingo ya fahali. Mama Evodie alimpikia kwa kipimo cha sauti hiyo.

Lakini lipo lililomkera, na alilisema wazi kwa jirani yao, Mama Gracia, walipokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja.

"Huyu mukwe wangu hajui kama niko hapa. Asubuhi anakuta pipa limejaa maji, anaoga. Anakuta shati imepigwa pasi, anavaa. Unafikiri anajiuliza nani amefanya? Anafikiri maji yanapanda yenyewe kutoka ziwani!"

"Lakini anashukuru sombe."

"Sombe anaiona! Ile asiyoiona je?"

Mama Gracia alicheka mpaka mchi ukamponyoka. Mama Evodie hakucheka. Alikuwa amepanga kurudi Kirungu mvua zikiisha, kupanda maharagwe yake, halafu ashuke tena Noeli kumwona mjukuu. Kuku wa kufungua macho? Angesubiri.

Ndipo siku moja Chadrack akarudi kutoka shuleni bila kupiga kengele.

Mama Evodie alikuwa sebuleni na beseni la nepi, Princesse mgongoni. Alisikia mlango, akaona ncha ya kiatu anachokijua, akajirusha nyuma ya pazia na beseni lake, maji yakamwagika, nepi moja ikabaki katikati ya sebule. Mdomo aliufungua amtume Princesse kwa baba yake na maneno makali. Akaufunga. Sauti iliyokuwa sebuleni haikuwa ile ya siku zote.

"Abigaël, njoo ukae. Prefe ameniita kwa biro yake."

Prefe ndiye mkuu wa shule, na biro ni ofisi yake. Na kisa kilikuwa hiki: Chadrack alikuwa amewafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho habari za galaksi, miji ile mikubwa ya nyota. Akawaambia kwamba nyota, gesi na vumbi vinavyoonekana ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni maada ambayo wataalamu huiita maada nyeusi, na hakuna aliyewahi kuiona. Haitoi mwanga, haina kivuli, inapita ndani ya ukuta na ndani ya mwili wa mtu bila kubisha hodi, na ndiyo inayozishika nyota zisitawanyike. Watoto wakarudi nyumbani wakasimulia mezani. Wazazi wakaacha kutafuna. Kitu kisichoonekana, cheusi, kinapita ukutani, kinavuta? Kalemie hapa kitu hicho kina jina lake tangu zamani, na si jina la kufundishwa kwenye shule ya kanisa.

"Wanasema nafundisha batoto uchawi," Chadrack alisema. "Papa Célestin, rais wa komite ya wazazi, amepeleka malalamiko. Jumapili baada ya misa wazazi wote watakuja ku salle ya shule. Nikiwaelewesha, imekwisha. Wakitoka bado na hasira, prefe ataomba nipelekwe ku shule ingine ya kanisa. Kongolo."

"Kongolo!" Abigaël alilia.

Nyuma ya pazia Mama Evodie alimvuta Princesse kutoka mgongoni, akamkumbatia mpaka mtoto akapiga chafya. Kutoka Kirungu mpaka Kalemie yeye alishazoea: pikipiki kuteremka milima mpaka Moba, halafu boti. Lakini Kongolo? Kule kwenye mto Lualaba, kwa treni inayoondoka siku inayopenda yenyewe? Mtoto angejifunza kutembea, angejifunza kusema, angeota meno yote, na bibi yake angesikia habari hizo kwa simu, mtandao ukikubali. Hapana. Haikubaliki. Mama Evodie aliapa kimoyomoyo kwamba huyu profesa atawaelewesha hao wazazi, apende asipende.

Jioni zilizofuata Chadrack alifanya mazoezi sebuleni, Abigaël akiwa ndiye hadhara. Hadhara ya pili ilikaa nyuma ya pazia juu ya kigoda, na haikukosa hata neno.

"Ule mukanda mweupe mnaouona kwa mbingu wakati wa kiangazi," ile sauti nzito ilisema, "njo galaksi yetu. Tunaiona tukiwa ndani yake."

Mama Evodie aliitikia kwa kichwa. Mkanda huo aliufahamu vizuri. Kule Kirungu hakuna taa za kuuficha.

"Ina mikono iliyojikunja, kama maji yanavyojikunja yakiingia kwenye tundu. Na yote inazunguka. Sasa sikieni. Nyota za katikati zinakimbia, sawa. Zile za pembeni, kwa kuwa ziko mbali na uzito wa katikati, zilipaswa ziende polepole. Wataalamu wakapima. Wakakuta za pembeni zinakimbia karibu sawa na za ndani! Kwa mbio ile zilipaswa kutoroka zamani, galaksi itawanyike. Haitawanyiki. Kwa nini? Kuna kitu kinazishika. Hatukioni. Lakini ukichukua vyote tunavyoviona ukaviweka kwa mizani, hicho tusichokiona kinavishinda kwa uzito mara nyingi."

"Sijaelewa," alisema Abigaël, mke mwaminifu.

"Mimi nimeelewa," Mama Evodie alimnong'oneza Princesse. Akaongeza kwa uchungu kidogo, "Ana akili ya kuona kisichoonekana huko mbinguni, hapa nyumbani hata pipa la maji halimshangazi."

Ili Abigaël aelewe, Chadrack alichukua ndoo ya jikoni, akatia maji, wakatoka uani. Mama Evodie alisikia ndoo ikivuma hewani, ikizunguka juu na chini, na tone halikumwagika.

"Unaona? Maji haya njo nyota. Mukono wangu njo unaishika ndoo. Nikizungusha mbio zaidi, mukono unapaswa kushika kwa nguvu zaidi. Ukikuta ndoo inakimbia hivi na hairuki, ujue mukono upo, hata kama umefichwa!"

"Sasa nimeelewa!" Abigaël alipiga makofi, na ikaamuliwa kwamba ndoo itakwenda shuleni.

Tatizo ni kwamba hiyo ilikuwa ndoo ya Mama Evodie, ya kuchotea maji alfajiri na ya kulowekea nepi mchana, na ndoo ya plastiki haikuumbwa kwa ajili ya mambo ya mbinguni. Jumapili asubuhi, alipokuwa akichota, aliona tundu moja la kushikia mkono wa ndoo limepasuka. Akalifunga kwa kipande cha kikwembe, yaani kitenge, cha zamani, vizuri, kwa fundo la kupendeza, akajiambia atampa Princesse ujumbe wakirudi kutoka kanisani. Ndoo iliyofungwa hivyo ingebeba maji kwa upole. Kuzungushwa juu ya vichwa vya watu ni habari nyingine.

Baada ya misa Chadrack na Abigaël walipitia nyumbani, wakachukua vitu vyao, wakaondoka. Mama Evodie alikuwa ameingia kwa Mama Gracia kuomba chumvi, akakuta Mama Gracia naye ameshakwenda mkutanoni. Aliporudi na Princesse mgongoni alitazama penye ndoo. Paliachwa duara la unyevu sakafuni.

"Yesu wangu!"

Akawaza haraka. Ndoo imejaa maji. Inazunguka. Mkono unakatika. Ndoo inaruka inampiga nani? Waliokaa mbele. Na mbele hukaa nani? Rais wa komite! Alimwona Papa Célestin amelala chali na suti yake ya Jumapili, amelowa, na treni ya Kongolo inapiga honi.

Sasa afanyeje? Akapiga simu ya Abigaël, ikaita chumbani, juu ya kitanda. Ilikuwa imeachwa inachajiwa. Kwenda mwenyewe? Aingie kwenye salle, ule ukumbi wa shule ambamo mkwe wake amesimama mbele ya watu wote, amtazame uso kwa uso bila kuku? Kwao huko ni kumvua mkwe nguo hadharani, na wewe mwenyewe kujivua. Wazazi wangesema: tazama familia ya profesa, hata heshima ya ukwe hawana, basi huo uchawi ni kweli.

"Princesse, nkambo yako amepatikana," alisema. Halafu akajifunga mtoto vizuri zaidi, akajitanda kikwembe kichwani mpaka puani, akatoka barabarani kusimamisha pikipiki.

"Haraka, mwanangu, kabla ndoo haijaruka!"

Dereva hakuuliza. Kwa barabara ile alishabeba watu wa kila aina.

Salle ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Mama Evodie alifika mlango wa nyuma akihema, macho chini, akitazama sakafu tu kama inavyotakiwa. Masikio lakini hayana pazia. Sauti ya mkwe wake ilikuwa imekauka, chaki ikilia ubaoni. Maskini, alikuwa amewaandikia wazazi hesabu!

"Prof, ngoja," ilisema sauti ya mzee, yenye amri ya kizamani. Huyo hakuwa mwingine ila Papa Célestin. "Mimi nimefanya kazi ku reli mpaka nimezeeka. Behewa haliendi bila mashine, na mashine ninaiona, ninaigusa, ninapaka mafuta. Wewe unaniambia nyota zinashikwa na kitu ambacho hakuna muntu amekiona. Sasa umejuaje kama kipo? Nani amekuonyesha? Saa ngapi? Ukishindwa kujibu, sisi wazazi tutajibu."

Watu waliguna kuunga mkono. Benchi zililia.

"Papa Célestin, ngoja niwaonyeshe kwa ndoo," Chadrack alisema, na Mama Evodie akasikia maji yakitikisika.

Hakuwa na muda wa kuwaza tena. Akaingia.

Wa kwanza kumwona alikuwa Mama Gracia, aliyekaa benchi ya nyuma. "Aka! Mama mukwe wa prof!" Aliruka juu, akavua kikwembe cha mabegani, akakitanda mbele ya Mama Evodie kama ukuta. Jirani yake akaelewa, akafungua chake. Wa tatu, wa nne. Akina mama wa Kalemie hawahitaji kuelezwa jambo kama hilo. Hapo kila mtu ana ukoo wake na miiko yake, na ya ukwe wanaijua wote. Wanaume wakasogeza benchi. Njia ikafunguka. Salle nzima ikapinda upande mmoja ili mtu mmoja aliyefunikwa aweze kupita, na vikwembe vikasonga naye hatua kwa hatua.

Halafu zikasikika kelele mbele: ndoo kuwekwa chini upesi, viatu vikikimbia, na kishindo kidogo cha paji la uso likigonga ubao.

Watu wakaangua kicheko. Walicheka mpaka vumbi likashuka kutoka darini.

"Prof!" Papa Célestin aliita, naye akijizuia. "Mbona unakumbatia ubao?"

"Papa, mama mukwe wangu ameingia."

"Umemuona?"

"Hapana! Sijamuona. Tangu nioe sijawahi kumuona uso."

"Sasa umejuaje kama yupo?"

"Si naona bantu wote wanavyo..." Neno likamkatikia Chadrack mdomoni. Na iliporudi, ile sauti nzito ilikuwa imepata uhai wake wote, na Mama Evodie nyuma ya vikwembe aligundua kwamba ameshika mguu wa Princesse kwa nguvu.

"Rudia swali lako, Papa Célestin. Tafadhali, rudia kwa sauti."

"Nimeuliza umejuaje kama yupo."

"Kwa nyinyi! Mama Gracia ameruka. Vikwembe vimepanda. Benchi zimesogea. Mimi mwenyewe nimekimbia. Kila kinachoonekana humu kimepinda, na hakuna kinachopinda bure. Sikuhitaji kumuona! Na wale wanaotazama nyota, njo vile wanafanya. Wanaona nyota za pembeni zinakimbia na hazitoroki. Wanasema: kuna mwenyewe hapa, amejifunika, lakini yupo, na ni muzito. Haiko uchawi, ndugu zangu. Mchawi anataka usijue. Hiki kinapimika."

Mtu mmoja alisema "Eh!" polepole. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walikuwa wakisikiliza.

"Ngoja nimalize," Chadrack aliendelea, bado amegeukia ubao, kwa hiyo aliuambia ubao kila neno. "Nyumbani kwangu ninaonekana mimi na Abigaël na mutoto. Mutoto wa kwanza, analia, mimi niko kwa shule mpaka jioni, Abigaël hana nguvu. Ukipiga hesabu kwa sisi tunaoonekana tu, nyumba ile ingetawanyika mwezi wa kwanza. Haijatawanyika. Asubuhi ninakuta pipa limejaa. Ninajua ziwa haliko karibu. Ninakuta shati limepigwa pasi kwa makaa, na makaa ni lazima muntu ayapulize kabla hakujapambazuka. Ninamsikia bibi yangu Abigaël anacheka, na ninajua nani amempumzisha mpaka akapata nguvu ya kucheka. Sijamuona huyo mama. Lakini ninajua uzito wake. Kila siku ninaupima. Na nimekuwa ninaogopa tu kusema, kwa sababu nilikuwa natafuta maneno yanayotosha kumpa mutoto mudogo ayafikishe."

Nyuma ya vikwembe Mama Evodie alilia. Hakulia kidogo kidogo, alilia kweli, kamasi na yote, na Mama Gracia aliyekuwa akishika ncha ya ukuta akampa ncha hiyohiyo ajifute.

"Kumbe anaona," alinong'ona. "Kumbe kila kitu anaona."

"Ninasema hivi," Papa Célestin alianza, akakohoa. Kiti chake kilisogea, alikuwa amesimama. "Ku reli, kwa ile milima, kulikuwa na treni inayosukumwa na mashine ya nyuma. Ukisimama mbele unaona mabehewa yanakuja yenyewe, yanapanda, mashine huioni, iko nyuma ya kona. Batoto walikuwa wanakimbia wakisema ni shetani. Mimi nilikuwa ninawacheka." Alikaa. "Leo njo mimi nilikuwa mutoto. Prof, endelea na masomo."

Makofi yalilipuka. Vigelegele vikafuata, na wazazi waliokuja na hasira wakaanza kuulizana ni nani aliyeanzisha maneno ya uchawi, maana ghafla hakuna aliyekuwa yeye. Prefe alisema neno moja la Kifaransa la kufurahi.

"Asante! Asante sana!" Chadrack alipaza sauti, amelewa furaha. "Na ili batoto walioko madirishani nao waelewe, sasa nitawaonyesha na ile ndoo!"

Ndoo! Katika kulia Mama Evodie alikuwa ameisahau kabisa. Akasikia maji yakinyanyuliwa. Hapo mbele kabisa, kitini, alikuwapo mzee aliyekuwa ametoka tu kuwaokoa.

Akavuta pumzi, akamgeuza Princesse kutoka mgongoni akamweka kifuani, akamsemesha kwa sauti ambayo kule Kirungu huita watu kutoka mlima mwingine.

"PRINCESSE! AMBIA PAPA YAKO AACHE HIYO NDOO! MUKONO UMEKATIKA, NI MIMI NIMEUFUNGA NA KIKWEMBE!"

Vichwa vyote viligeuka. Princesse alipepesa macho.

Mbele kulisikika mtu akijaribu mkono wa ndoo, akiuvuta kidogo tu. Tak. Halafu ndoo ikadondoka, na maji yakakimbia sakafuni mpaka kwenye viatu vya Papa Célestin, vilivyong'arishwa kwa ajili ya misa.

"Princesse," sauti nzito ilisema, ikitetemeka kwa kicheko, "ambia nkambo yako aksanti. Ameokoa kichwa cha rais."

"Princesse," Papa Célestin naye akadakia, akiinua miguu juu, "na mimi umuambie aksanti! Kitu kisichoonekana kimenishika nisife!"

Hapo ndipo mkutano ulipovunjika wenyewe, maana hakuna aliyeweza tena kukaa wima kwa kucheka.

Jioni hiyo wakati wa kula, kila mmoja akiwa upande wake wa pazia, Mama Evodie aliisukuma sahani yake kando. Alimpakata Princesse, akamrekebisha kofia, akamfuta kidevu. Mwishowe akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida tu:

"Princesse, ambia papa yako, mimi naona uani kwetu hapa hakuna hata kuku mumoja."

Kijiko cha Abigaël kilianguka kwenye sahani. Upande wa sebuleni kiti kilirudi nyuma. Kisha mlango ukafunguka, kengele ya baiskeli ikalia, na mtu akasikika akiendesha kwa nguvu zote kuelekea sokoni, ilhali ni Jumapili na soko limeshafungwa.

Chadrack alimpata wapi kuku, hakusema. Asubuhi Mama Evodie alipokwenda kuchota maji, alikuta mahali pa ndoo yake ya zamani ndoo mpya, mkono wake umezungushiwa kamba na kufungwa mafundo ya mtu asiyetaka kubahatisha. Ndani ya ndoo aliketi kuku mweupe, miguu imefungwa, anamtazama kwa jicho moja.

Mama Evodie alimshika, akampima uzito kwa mkono. Akaridhika. Akachemsha chai, akaweka mandazi kwenye sahani, akavaa kikwembe chake kizuri, akamchukua mjukuu. Abigaël alisimama mlangoni, mikono mdomoni. Sebuleni viatu anavyovijua vilikuwa vikikanyaga huku na huku.

Akashika pazia, akalifungua mwenyewe mpaka mwisho.

Katikati ya sebule alisimama kijana mwembamba, mwembamba kabisa, shingo kama ya ndege, masikio makubwa, shati limepigwa pasi vizuri sana. Fahali hakuwapo. Na kijana huyo alikuwa amefumba macho kwa nguvu zote, na juu yake ameweka viganja vyote viwili, kwa heshima na kwa woga, hata jasho likamtoka.

"Aka!" Mama Evodie alisema. "Na sombe yangu yote iliingia wapi?"

"Princesse," Chadrack alisema bila kuondoa mikono, "uliza nkambo yako kama..."

Mama Evodie alimpa Abigaël mtoto. Akasogea mbele mpaka viatu vile vikawa karibu na miguu yake, akainua mkono, akamshika mkwe wake kiwiko, taratibu, kama mtu anayeonja joto la maji.

"Muache mutoto apumzike," alimwambia. "Fungua macho, mwanangu. Chai inapoa."